Kwa Nini Watu Wengine Hupenda Kuzuru Makaburi

*Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa*

Redio iwekwe mahali ambapo hata aliyekaa nyuma kabisa atasikia. Daftari na kalamu ziwe karibu, lakini kwanza msiandike. Kwanza tusikilizane.

Leo nitajibu swali lililotoka katika darasa moja la pwani. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, asema kwamba jirani yake, mzee mwenye mvi, huenda makaburini kila Ijumaa alasiri. Huko huokota majani makavu, hung'oa magugu, kisha hukaa chini ya mti mpaka jua lipungue. Akirudi nyumbani huwa amechangamka, huwasalimu watu na kuwatania watoto. Basi majirani wameanza kunong'ona. Wengine wasema huzuni imemharibu akili. Wengine wasema neno baya zaidi, kwamba mtu anayependa makaburi hakosi kuwa mchawi. Mama huyo auliza, "Je, yawezekana mtu mwema akapenda kwenda makaburini?"

Hili si swali la mchezo. Nchini mwetu wako wazee, hasa akina mama wazee, waliofukuzwa majumbani mwao, na wako waliouawa, kwa sababu tu watu waliwadhania uchawi. Neno likishatoka mdomoni halirudi. Kwa hiyo yatupasa tulitazame jambo hili polepole kabla ya kumsema mtu.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno la leo: KUZURU. Kuzuru ni kwenda kumwona mtu au kupaona mahali kwa heshima. Twamzuru mzee wetu, twauzuru mji mtakatifu, twalizuru kaburi. Lisomeni pamoja: ku-zu-ru. Angalieni herufi *z*. Ukiweka *dh* mahali pake utapata neno jingine kabisa, *kudhuru*, yaani kumtia mtu hasara au maumivu. Maneno haya yanakaribiana sikioni, lakini maana zake ziko mbali sana. Yashikeni yote mawili, tutayarudia mwishoni.

Desturi za watu

Kwanza tujue ya kuwa mzee huyo hayuko peke yake. Waislamu wengi huzuru makaburi ya jamaa zao, wakawatolea salamu waliolala humo na kuwaombea dua. Wakristo Wakatoliki huwakumbuka marehemu wote kila tarehe 2 Novemba. Wamoravian hukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka, wakaimba huku jua linachomoza. Desturi hiyo ilianzia katika mji wa Herrnhut, huko Ujerumani, mwaka 1732, ikaja kwetu pamoja na wamisionari wao. Wachaga wa Kilimanjaro tangu zamani huzika jamaa zao ndani ya kihamba, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Kwa hiyo walio mbali wanaporudi kwao mwezi wa Desemba, hurudi pia kwa wazazi waliolala pale.

Lakini hayo yote ni wajibu, na mama hakuuliza habari za wajibu. Ameuliza habari za kupenda. Mtu aweza kutimiza wajibu huku amekunja uso. Kwa nini basi mwingine hurudi amechangamka?

Sababu moja ni nyepesi. Makaburini ni kimya. Watu hawalimi pale, wala hawakati miti ovyo, na kwa hiyo mara nyingi miti mikubwa imesalia, pamoja na kivuli chake na ndege wake. Mjini, kwenye kelele za magari na za wauzaji, si rahisi kupata mahali ambapo mtu atakaa bila kuulizwa anataka nini. Huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, yako makaburi yaitwayo Père-Lachaise, yaliyofunguliwa mwaka 1804. Watu hutembea humo kama katika bustani, hata wasio na ndugu aliyezikwa pale.

Walakini kivuli peke yake hakitoshi, maana kivuli kipo hata chini ya mwembe wa sokoni. Iko sababu kubwa zaidi. Ili tuione vizuri, twendeni Kaole.

Mabakuli ya Kaole

Kaole ni kijiji kilicho karibu na Bagamoyo, mwendo wa kilomita 5 hivi upande wa kusini. Pale yako magofu ya mji wa zamani. Magofu ni majengo yaliyobomoka, yasiyokaliwa tena na watu. Utaona misikiti miwili ya mawe, makaburi yapatayo 30, na mbuyu mkubwa sana. Mji huu ulikuwa na watu tangu karne ya 13 hivi mpaka karne ya 16. Nyumba za miti na udongo walizokaa watu wengi zimeoza na kupotea. Masoko yao hayaonekani tena. Yaliyosalia ni misikiti na makaburi.

Makaburi hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe ni yale mawe yanayotoka baharini. Mafundi waliyapanga juu ya kuni, wakayachoma mpaka yakawa chokaa, wakaichanganya chokaa hiyo na mchanga na maji. Juu ya makaburi mengine walisimamisha nguzo ndefu. Makaburi ya nguzo namna hii yapo katika pwani yetu toka Somalia mpaka Tanzania. Na katika nguzo au kuta za baadhi yake mafundi walipachika mabakuli na sahani za kauri kutoka Uchina.

Hapa, wanafunzi, tutulie kidogo. Bakuli la kauri lilivuka bahari kuu kwa vyombo vya tanga, likapita katika mikono ya wafanyabiashara wengi, likafika pwani yetu kwa bei kubwa. Mwenye bakuli hilo angeweza kulila chakula, au kuliuza, au kuwaachia watoto wake. Hakufanya hivyo. Alimpa fundi, naye akalitia katika chokaa ya kaburi, likae pale kila mpita njia alione. Siku hizi mengi yameng'olewa au kuvunjika, na mahali yalipokaa yamebaki mashimo ya mviringo.

Je, shimo lile linasema nini? Linasema, "Hapa amelala mtu wetu." Jina lake hatulijui, lakini twajua ya kuwa palikuwa na mtu aliyempenda, au aliyetaka aheshimiwe. Huzuni ya mtu yule wa zamani twaielewa bila kufasiriwa, kwa sababu nasi tunayo.

Sasa tuvuke mpaka, tuingie Kenya. Karibu na Malindi uko mji mwingine wa magofu, jina lake Gedi. Humo mna kaburi moja lililoandikwa kwa Kiarabu mwaka 802 wa Hijra, ambao ni mwaka 1399 kwa hesabu ya Miladi. Wataalamu walipoanza kuchimba pale mwaka 1948, tarehe hiyo iliwasaidia kukadiria umri wa majengo na wa vyombo walivyovikuta. Angalieni jambo hili. Mji ule haukuacha kitabu cha habari zake. Lakini mtu mmoja aliyejua kuandika alitia tarehe katika kaburi, na baada ya miaka zaidi ya 500 maandishi yake yakawa taa kwa watu wengine.

Jina katika gome la mti

Nitawapa habari nyingine ya kuandika. Mwaka 1873 msafiri David Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu waliokuwa naye walikuwa Waafrika. Walizika moyo wake chini ya mti uitwao mpundu. Mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874.

Kati yao alikuwamo kijana mmoja, Jacob Wainwright. Yeye alikuwa amewahi kuchukuliwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa shule huko Nasik, Bara Hindi. Siku ya maziko ndiye aliyesoma sala. Kisha akachonga katika gome la mpundu jina la marehemu na tarehe. Mti ule baadaye ulikatwa, na mahali pake pakajengwa mnara wa ukumbusho, ambao watu huuzuru mpaka leo.

Katika msafara ule walikuwamo watu wenye nguvu kumpita Wainwright, na wenye kuzijua njia kumpita yeye. Lakini kazi ile moja ilimhitaji mtu aliyejifunza herufi, kama mnavyojifunza ninyi. Wako pia wapagazi waliokufa njiani, kabla msafara haujaiona bahari. Wao hawana mnara.

Na wapagazi, je?

Mpagazi ni mtu achukuaye mizigo. Liandikeni neno hilo, kwa maana sasa tunafika mahali pagumu.

Kando ya Barabara ya Bagamoyo, mjini Dar es Salaam, pana makaburi ya vita. Yalitengenezwa mwaka 1968, wakati makaburi mengine yaliyokuwa karibu na bahari yalipohamishwa kupisha barabara. Wamelala humo askari zaidi ya 1,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, ambayo ilipiganwa hapa kwetu pia tangu mwaka 1914 hadi 1918. Majani yamekatwa, mawe yamepangwa safu kwa safu, na askari aliyejulikana ameandikwa jina lake, kikosi chake na siku aliyokufa. Mjukuu au kitukuu aweza kutoka nchi ya mbali, akatafuta jiwe moja tu, akalipata, akapitisha kidole juu ya herufi.

Lakini vita ile haikupiganwa na askari peke yao. Magari yalikuwa machache, na mbung'o waliwaua farasi na nyumbu. Basi chakula na risasi vilichukuliwa vichwani na mabegani. Waingereza na Wajerumani, wote wawili, waliwachukua watu vijijini, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Wapagazi hao walikufa kwa makumi elfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa. Jina la Kariakoo, linalotajwa kila siku na makondakta wa mabasi, latokana na jeshi hilo la wapagazi, ambalo Waingereza waliliita Carrier Corps.

Katikati ya mji wa Dar es Salaam iko sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Ina maneno ya kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika. Haina orodha ya majina yao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na yamkini wengine hawakuwekewa ukumbusho wa namna yoyote. Tume ikaomba radhi.

Radhi ni jambo jema. Lakini fikirini habari za mjukuu wa mpagazi. Yeye naye angependa kupitisha kidole juu ya herufi. Aende wapi?

Mawe kumi na moja

Nisiwaseme wengine tu. Mimi nami nina deni langu.

Bibi yangu, mama yake baba, alifariki nilipokuwa na miaka 6. Alizikwa nje ya kijiji, karibu na mkorosho, na juu yake likawekwa jiwe la kawaida. Hakuna aliyeandika kitu, kwa maana kila mtu alipajua. Baba alipajua, amu zangu walipajua. Mimi nikasoma, nikaenda chuo kikuu, nikapata diploma, nikawa mtu wa kuandika taarifa kila mwezi. Kalamu haikukosekana mfukoni mwangu hata siku moja.

Kisha baba alifariki. Alikuwa ameusia azikwe karibu na mama yake. Tulipofika pale tulikuta mkorosho umekwisha kukatwa, hata kisiki hakuna. Palikuwa na mawe 11, yote yamefanana. Amu akasema, "Ni hili hapa." Shangazi akasema, "Sivyo, ni lile kule." Walibishana mbele ya jeneza mpaka wote wawili wakalia. Mwisho tulimzika baba pembeni, tukakisia tu. Siku hizi nikienda nyumbani huwasalimu wote 11, kwa kuwa najua mmoja wao ni bibi yangu.

Nilikuwa na miaka 20 na zaidi ya kumwuliza baba na kuandika mstari mmoja. Sikuuliza.

Basi hiyo ndiyo sababu kubwa niliyotaka muione. Mtu anayependa kwenda makaburini hapendi kifo. Mara nyingi anapenda kuwa mahali ambapo mtu wake bado ana jina. Nyumbani kitanda cha marehemu kimegawiwa, nguo zake zimegawiwa, kazini pake amewekwa mwingine. Makaburini peke yake ndipo bado ana mahali ambapo ni pake. Aliye hai akifika pale, hana haja ya kumweleza mtu kwa nini amemkumbuka. Hutulia. Na akitulia, hata shida zake mwenyewe huzipima upya, kwa maana pale tajiri na mdaiwa wamelala safu moja. Wazee wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa. Makaburi ni pahali pamoja ambapo asili yetu imewekwa.

Wako pia wasiopenda kwenda kabisa, kwa sababu uchungu wao bado ni mbichi, au kwa sababu walifundishwa tangu utotoni kuogopa. Hao tusiwacheke wala tusiwalazimishe. Kila mtu ana njia yake ya kukumbuka.

Ukienda makaburini

Yashikeni mambo haya matano.

1. Nenda mchana. Kama wewe ni mgeni wa mahali pale, mwombe ruhusa mwenyeji au mlinzi, na umwambie umekuja kwa nia gani. Neno moja la salamu laweza kuzuia manong'ono ya mwaka mzima.

2. Usikanyage kaburi wala usikae juu yake. Fuata desturi ya wenye mahali pale katika mavazi, viatu na sauti.

3. Usiondoke na kitu, hata kigae kidogo cha kauri. Sheria inakataza kuchukua vitu vya kale. Tena kigae kikitoka mahali pake, hakitaweza kumfundisha mtu mwingine.

4. Usichore jina lako ukutani wala juu ya kaburi. Kama pana kitabu cha wageni, andika humo, kwa mwandiko mzuri.

5. Waandike marehemu wako. Wako ambao dini au desturi yao haitaki maandishi juu ya kaburi, nao waheshimiwe. Lakini daftari halikatazwi. Andika jina la marehemu, jina la baba yake, mwaka aliofariki kama unajulikana, na mahali alipolala. Usiandike "karibu na mti," kwa maana mti hukatwa. Tafuta kitu kisichoondoka upesi, kama kisima, msikiti, kanisa au mwamba, uhesabu hatua. Kwa mfano: "Hatua 40 kutoka kisimani, kuelekea mashariki." Fanya nakala mbili, moja umpe kijana wa nyumbani.

Jibu kwa mama

Sasa, mama uliyeuliza, nakujibu. Ndiyo, mtu mwema aweza kupenda kwenda makaburini, na wako wengi. Mzee wako aokota majani makavu na kung'oa magugu. Hiyo ni kazi ya mtunzaji. Anakwenda mchana, mbele ya macho ya watu, na hurudi na utani kwa watoto. Mimi naona mtu huyo anazuru. Majirani wamesikia kudhuru. Tofauti ni herufi chache tu, lakini kwa herufi hizo mzee aweza kupoteza nyumba yake.

Nakuomba ufanye jambo moja. Ijumaa ijayo mwulize kwa adabu ni nani amelala pale chini ya mti. Ukiwaambia majirani jina la marehemu, yamkini hawatakuwa na la kunong'ona. Kisha chukua daftari lako, umwombe akutajie na wengine anaowajua. Mzee kama huyo huenda anajua majina ambayo hayamo katika kitabu chochote, na wewe sasa unajua kuandika.

Kwaherini, mabibi na mabwana. Zimeni redio, mzungumze na mwalimu wenu.

Maswali ya mazungumzo

1. Kuna tofauti gani kati ya kuzuru na kudhuru? Tungeni sentensi moja kwa kila neno.
2. Kwa nini watu wa zamani walipachika mabakuli ya thamani katika makaburi? Ninyi mnawakumbukaje marehemu wenu?
3. Tarehe iliyoandikwa Gedi iliwasaidiaje wataalamu?
4. Kwa nini wapagazi wengi wa Vita Kuu ya Kwanza hawana makaburi yenye majina? Je, yuko mtu darasani ambaye wazee wake walisimulia habari za upagazi?
5. Kama jirani anasemwa vibaya bila ushahidi, yafaa tufanye nini?

Kazi ya kuandika

Andika mistari minne kuhusu mtu mmoja wa jamaa yako aliyefariki: jina lake, jina la baba yake, kazi aliyoifanya, na mahali alipolala. Kama hukumbuki mahali, muulize mkubwa wako juma hili hili, kisha ulete jibu darasani.